Kiwanja cha bei poa kando ya Mto Msimbazi

Ndugu yangu, umeuliza kama ukinunua hicho kiwanja mita 30 toka Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam halafu ukainua msingi utakuwa salama. Hapana, usitoe hela kwanza. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, na hizo kingo zenyewe zinamegeka kila masika, leo uko mita 30 kesho mto uko mlangoni. Msingi mrefu hauleti kibali aisee, nenda manispaa uangalie mchoro wa mipangomiji kabla hujalipa, sio baada, karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake haikulindi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji. Una watoto, tafuta hata kadogo huko juu.