Rili ya kurushia chambo kizito

Ndugu yangu, umeuliza ununue rili gani, yaani mashine ya kukunjia uzi wa kuvulia, ya kurushia popa (chambo bandia cha kuelea) za gramu 150 kwa kolekole huko Mafia, maana mbili zimeshakufia ndani ya mwaka. Chukua ya saizi 14000. Shimano Saragosa SW inafaa kama mfuko haufiki kwenye Stella, ya Shimano iliyo ghali zaidi. Usihangaike na idadi ya beringi. Tazama mwili uwe wa alumini, usionepa ukiukamua, na breki iachie uzi bila kushtukashtuka. Breki ipime kwa mizani: uzi wa kusuka wa pauni 80, ambao ni kama kilo 36, kilo 10 hadi 12 zinautosha.

Yangu ya kwanza niliiua kwa kufunga ule mkono wa waya unaoongoza uzi kwa kuzungusha hendeli kila baada ya kurusha. Ufunge kwa kidole, uvute uzi ukaze, ndipo ukunje uzi. Ukirudi pwani, kaza breki, nyunyizia maji yasiyo na chumvi polepole, futa, kisha ilegeze. Maji ya mpira yenye kasi yanasukuma chumvi hadi kwenye gia.