Muulize Bi Mkubwa: Sukari inazama, wateja wananuna

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeanza kuuza chai ya barafu stendi ya Kange, hapa Tanga. Napika chai ya rangi asubuhi, naipoza, naiweka kwenye deli, mteja akija namtilia sukari anavyotaka. Shida ni kwamba sukari haiyeyuki, inatuama chini. Tena kuna siku chai inatibuka kama maji ya mto Sigi baada ya mvua, wateja wanasema imechacha. Nifanyeje?*
— Muuzaji, Kange

Marahaba, mwanangu. Biashara yako naipenda. Abiria wa basi la Dar anayeteremka Kange saa saba mchana hataki chai ya moto, anataka kuokolewa. Ila sukari unaitia saa mbaya. Maji ya baridi hayaiwezi sukari ya punje. Utakoroga mpaka mkono ufe ganzi, nayo iko palepale chini inakutazama. Mteja anavuta mrija: funda la kwanza chungu, la mwisho utamu wa kukwangua koo. Harudi.

Tengeneza shira. Sukari kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, teleka, koroga mpaka usione punje, epua. Usiiache ikatokota hadi ikawa nzito ya kaimati. Hii iwe nyepesi, imiminike. Ikipoa itie kwenye chupa safi yenye kifuniko. Kijiko kikubwa kimoja cha shira hiyo kina sukari kama gramu 8, ambayo ni sawa na vijiko viwili vidogo vya kufuta. Hapo mteja akisema "nizidishie", unajua unamzidishia nini, na unajua faida yako imeliwa kiasi gani. Sukari siku hizi hainunuliki kwa mzaha.

Halafu kuna jambo wauzaji wengi hawalioni: baridi inaficha sukari. Ulimi ukishapigwa na barafu hauusikii utamu sawasawa. Jaribu soda ya moto, ile iliyokaa tu rafuni dukani, kisha unywe ya aina hiyohiyo iliyolala kwenye friji. Ya moto itakukinai kwa utamu, na sukari ni ileile. Kwa hiyo usionje chai ingali na mvuke ukasema imekolea. Ikipoa utaikuta chapwa. Onja ikiwa na barafu ndani ya glasi, kama atakavyoinywa mteja. Na ujue ubaya wa upande wa pili: mtu anayejiona anakunywa chai ya baridi "isiyo na sukari nyingi" huenda ameshakunywa zaidi ya ile ya asubuhi aliyoteremshia vitumbua.

Barafu nayo inayeyuka ikaongeza maji, kwa hiyo chai ipike nzito. Mimi kwa lita moja nachemsha maji nusu lita, natia majani vijiko vinne vya chai, nafunika dakika tano, nachuja, kisha naongeza nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiyaache majani humo saa nzima ukidhani unatafuta rangi. Utapata ukakasi. Ukipenda tangawizi au mchaichai, vitangulie kuchemka kabla majani hayajaingia.

Kutibuka siyo kuchacha. Chai nzito ikipozwa kwa ghafla, tanini, ambayo ndiyo huleta ule ukakasi, hushikana na kafeini, vikashindwa kuyeyuka tena kwenye maji ya baridi. Ladha haina neno. Iache ipoe yenyewe mezani kwanza, ndipo uitie kwenye deli. Ikishatibuka, mimina maji kidogo yanayochemka ukoroge, itakunjuka. Ukiikamulia ndimu rangi nayo itafifia, iwe ya dhahabu, na mtu mwenye kiu hununua kwa macho.

Sasa nakuuliza mimi: barafu unaitoa wapi? Kama ni ile mibonge ya kuwekea samaki, acha leo hii. Kuganda hakuui vijidudu. Vinatulia tu humo, barafu ikiyeyuka vinaingia kwenye glasi ya mtu vikiwa hai. Chemsha maji, yapoe, uyagandishe mwenyewe kwenye vifuko safi. Chai iliyobaki jioni iweke kwenye friji, na kesho yake isipoisha, mwaga.

*Bi Mkubwa, kwetu ni Lushoto, nimeolewa Ngamiani. Jumapili wakwe wakija natengeneza jagi la chai ya barafu. Mama mkwe anaitaka tamu haswa, mume wangu siku hizi hataki sukari, mawifi kila mmoja na lake. Lawama zote zangu. Baba mkwe haigusi kabisa, anasema chai ya baridi ni uzungu.*
— Mkwe, Ngamiani

Mwanangu, ukishatia sukari kwenye jagi umeshachagua upande. Jagi liwe halina sukari. Shira iwe pembeni, soma hapo juu nilivyomweleza mwenzako wa Kange. Mama mkwe mtilie wewe mwenyewe, mbele ya watu, vijiko vyake viwili, umuulize, "Imekolea, mama?" Usimwachie chupa mkononi. Kwanza ni adabu, pili itaisha.

Usidhani ni kwenu tu. Hata Marekani wamegawanyika: watu wa kusini hutia sukari chai ingali ya moto, ukiagiza chai unaletewa tamu tayari, kaskazini inakuja kavu, utie mwenyewe.

Baba mkwe ana nusu ya ukweli. Wenye kuivumisha ni Wamarekani. Husimuliwa kwamba ilianzia kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, pale Richard Blechynden, aliyekuwa akiitangaza chai ya India, alipoona joto linawakimbiza watu kwenye chai yake ya moto, akaitia barafu. Hadithi nzuri, ila Wamarekani walikuwa wakiinywa kabla ya hapo. Lakini mchai wenyewe pia ni mgeni kwetu. Kule Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902 na wakaupanda mchai humo kwa majaribio. Kwa hiyo hata hiyo ya moto anayoshushia mkate wa kumimina ina uzungu wake. Mwambie kwa upole. Au usimwambie, mpe ya moto, yaishe.

*Mama yangu ana kisukari na anapenda chai ya barafu. Naweza kumtilia asali badala ya sukari?*
— Binti, Makorora

Hapana. Asali ikifika mwilini ni sukari. Shirika la Afya Duniani linaihesabu humohumo linaposema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Vijiko vikubwa vitatu vya shira yangu ni 24, na hapo hujala andazi. Hicho ni kipimo cha mwenye afya. Cha mama yako anacho daktari wake. Mchemshie chai na mchaichai na iliki, umtilie vipande viwili vya ndimu, bila sukari. Wiki ya kwanza atakusema. Msikilize, usibishane, uendelee kumpa hivyohivyo.

*Naweza kutia maziwa na ndimu kwa pamoja?*
— Kijana, Chumbageni

Maziwa yatakatika. Chagua kimoja.