Nimelistiwa CRB juu ya kredit kadi

SWALI: Shangazi, kazi iliisha nikaacha kulipa kredit kadi ya benki fulani, sasa niko CRB (kampuni zinazoweka rekodi za wanaokopa na vile wanalipa) na riba imepita deni lenyewe. Nitoke aje?

JIBU: Pole mwanangu. Itisha ripoti yako kwa kampuni za CRB, yaani Metropol, TransUnion ama Creditinfo, moja kwa mwaka ni bure, uangalie kama wameandika ukweli. Halafu hiyo riba, wee! Sheria ya benki hapa Kenya, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishakwama riba haiwezi kuzidi salio la pesa uliyokopa, kwa hivyo usimeze tu hesabu yao, enda na kalamu. Omba kulipa pole pole na wakuandikie, simu haitoshi. Ukimaliza rekodi bado inakaa miaka 5, lakini itaonyesha umelipa.