Kuja Kisumu bila pasipoti: kwa mwenye grini kadi asiye na uraia wa nchi yoyote

Wengi hudhani Marekani ndiyo itakayomkwamisha mkaazi wake wa kudumu asiye na pasipoti. Sivyo. Anayerudi kabla ya mwaka kuisha huingia kwa grini kadi tu. Wanaodai pasipoti ni wa njiani: kaunta ya ndege, uwanja wa kubadilishia ndege, na Kenya yenyewe. Unachotafuta basi ni kitabu cha kuwaridhisha hao.

Vitabu ni viwili, na vyote huombwa kwa Fomu I-131 ya idara ya uhamiaji ya Marekani. Aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi au kupewa hifadhi huomba hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayodumu mwaka 1. Asiye na uraia ambaye hakupitia njia hiyo huomba kibali cha kurejea, ambacho kwa kawaida ni cha miaka 2. Fomu ni moja, visanduku ni tofauti. Tumia toleo jipya la fomu na ada ya siku hiyo. Ada ya zamani hurudishwa pamoja na bahasha nzima, nawe unaanza upya.

Kwa kibali cha kurejea, uwe ndani ya Marekani siku fomu inapopokelewa, na usiondoke kabla ya kupigwa alama za vidole. Baada ya hapo unaweza kusafiri, na kitabu kinaweza kutumwa ubalozi wa Marekani ulioutaja kwenye fomu. Hata hivyo, ukiwa huna kitabu kingine cha kukufikisha Kenya, hilo halikusaidii kitu. Kisubiri mkononi.

Sasa hesabu inayowaponyoka wengi. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza, hutoa idhini ya kielektroniki, yaani eTA, na hati yako inatakiwa iwe na angalau miezi 6 kuanzia siku ya kufika. Kwa hiyo hati ya mwaka 1 ina nusu mwaka tu wa kutumika. Iliyotolewa Machi, ukangoja nauli ishuke hadi Oktoba, bado haijaisha muda lakini haikufikishi Kisumu.

Kwenye eTA na kwenye tiketi utaulizwa uraia. Usijaze Kenya kwa sababu ulizaliwa Nakuru, wala Marekani kwa sababu kitabu kimetoka huko. Fungua ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya herufi chini kabisa. Katika msimbo wa kimataifa asiye na uraia ni XXA, na mkimbizi ni XXB. Jaza kama kitabu kinavyosema, na jina la tiketi lifuate kitabu hicho herufi kwa herufi.

Kabla ya kulipa nauli, andikia ubalozi wa Kenya na kampuni ya ndege, ukitaja hati kwa jina lake na kila uwanja utakaopitia. Neno "mna shida na hati yangu?" halitoshi, uliza, "Mtanipakia na kibali cha kurejea cha Marekani, nikibadilisha ndege mahali fulani?" Chapisha majibu. Kaunta husoma masharti kwenye mfumo unaoitwa Timatic, na karani akiingiza "pasipoti" badala ya aina ya hati yako, mfumo utakukataa. Mwombe aingize upya, bila ugomvi. Akishindwa, mwite msimamizi wake. Ndiyo maana saa 4 kabla ya ndege si nyingi.

Ukiwa nyumbani, jamaa wa Busia watakualika matanga ng'ambo. Wao huvuka kwa kitambulisho tangu 2014. Wewe Uganda itakudai ruhusa yake, na kurudi Kenya ni swali jingine. Kaa upande huu.

Grini kadi ikipotea, chukua abstrakti polisi siku hiyo hiyo, kisha Fomu I-131A, ya kuomba hati ya kupandia ndege kurudi Marekani: ada hulipwa mtandaoni, nawe unafika mwenyewe ubalozini Gigiri. Kisumu hakuna ofisi ya kukufanyia hilo. Njia hiyo ni ya aliyekaa nje chini ya mwaka, au ambaye kibali chake bado kina muda. Aliyepitisha hapo huomba viza ya mkaazi anayerejea kwa Fomu DS-117, na atabeba ushahidi kwamba kilichomchelewesha hakikuwa hiari yake: barua za hospitali, kwa mfano.

Kibali cha kurejea hakiongezwi muda. Tena hakikulindii siku za kuomba uraia wa Marekani. Safari ikipita miezi 6, hesabu hiyo inaweza kukatika, ingawa kitabu bado ni kizima.