Mkazo katika maneno marefu ya Kiingereza: anzia mwisho wa neno

Ulimi uliozoea Kiswahili ukikutana na neno refu la Kiingereza hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho, maana ndiko mkazo wetu unakokaa. Mara nyingine mazoea hayo yanakufaa. Maneno ya -tion na -ic yanakwenda vivyo hivyo: education ni e-ju-KEI-shen, economic ni i-ka-NO-mik. Hapo usijisumbue, ila Arabic na politics ni wakaidi, mkazo wao uko mwanzoni.

Balaa liko kwenye -ity, -logy, -graphy na vitenzi virefu vya -ate. Hapo mkazo unarudi hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: yu-ni-VE-si-ti, bai-O-la-ji, ka-MYU-ni-keit. Ndiyo maana FO-ta-graf ikiongezwa mkia inakuwa fa-TO-gra-fi, kisha fo-ta-GRA-fik. Mkia wa -ee huvuta mkazo kwake: refugee ni re-fyu-JII, ingawa committee inakataa na kubaki ka-MI-ti.

Viambishi -ment, -ness na -ly havihamishi kitu. Wengi husema deve-LOP-ment kwa sababu hiyo -lop- imeangukia pale pale tulipozoea. Ondoa -ment kwanza, utamke di-VE-lap, ndipo uibandike tena.

Silabi zihesabu kwa irabu zinazosikika, si kwa herufi. Comfortable kwa kawaida ina tatu tu: KAMF-ta-bol. Strategy nayo ni tatu, STRA-ta-ji. Ukichomeka irabu kati ya konsonanti, si-ti-ra-te-ji, zimekuwa tano na mkazo umepotea. Vistari vinavyokata neno kwenye kamusi usivitegemee sana, vingi ni vya kugawa neno mwishoni mwa mstari. Kwenye maandishi ya matamshi tafuta kijistari cha wima kilicho juu: katika kamusi nyingi hutangulia silabi yenye mkazo.

Neno likikushinda, lijenge kutoka nyuma. Responsibility ina silabi sita: BI-li-ti, si-BI-li-ti, spon-si-BI-li-ti, ri-spon-si-BI-li-ti. BI irefushe kidogo na uipandishe sauti, na nyingine zipite haraka, irabu zake zififie. Hili la kufifisha ndilo gumu kwetu, kwa kuwa Kiswahili hutamka kila irabu wazi. Ukizipa zote uzito sawa, msikilizaji anaweza kulikosa neno hata kama kila sauti umeipatia.