Turubai limeoshwa, sasa linavuja

Swali: Shikamoo mzee. Nina mgahawa mdogo Tanga, si mbali na bandari. Mbele ya mlango nimeweka kivuli cha turubai la kijani, mita 4 kwa 2, na wateja wa chai ya asubuhi hukaa chini yake. Kabla ya Ramadhani vijana walilisugua kwa ufagio wa chelewa na sabuni ya unga, wakamalizia na jiki. Lilitakata kweli. Masika yalipoanza, maji yakawa yanadondokea mezani, na madoa meusi yale yale yamerudi. Nimeambiwa nibadilishe kitambaa chote. Ni kweli?

Mwenye mgahawa, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Usitoe hela ya kitambaa kipya bado. Kwa unavyoeleza, turubai lako huenda halijafa, limeoshwa vibaya tu, na hilo naliona kila mwaka mvua zikianza.

Kitambaa cha kivuli hupakwa dawa ya kuzuia maji kinapotengenezwa. Sabuni ya unga na ufagio mgumu huiondoa dawa hiyo. Kisha sabuni isiposuuzwa ikaisha hubaki ndani ya nyuzi, na kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yapenye. Ndiyo maana kinavuja na hakuna tundu hata moja.

Kabla ya kugusa chochote, jua ni kitambaa gani. Kama kinang'aa kama plastiki na hakipitishi hewa ukikipuliza, hicho ni cha plastiki, nacho kinataka maji, sabuni laini na sponji, basi. Kama sicho, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, zichome kwa kiberiti ukiwa nje. Zikinuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ni pamba. Zikiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni nyuzi za kiwandani, yaani akriliki au polista. Akriliki nzuri ya vivuli hutiwa rangi kabla uzi haujasokotwa, kwa hiyo rangi yake imeingia hadi ndani na haipaukii jiki. Tazama basi pale jiki ilipopita: kama kijani kimebaki kile kile, yaelekea una akriliki. Kama kimepauka, au ni pamba, jiki isikiguse tena.

Tuseme ni akriliki. Subiri siku ya jua. Ondoa vumbi kwanza kikiwa kikavu, kwa brashi laini, maana vumbi likilowa hugeuka tope na kuzama. Halafu changanya robo lita ya jiki na vijiko vinne vikubwa vya sabuni ya maji iliyo laini katika lita 4 za maji. Paka, acha dakika 15, sugua taratibu, suuza. Maji yasiwe ya moto, nyuzi joto 38 ndiyo mwisho. Vaa glavu, funika meza, na wateja wasiwepo chini. Najua pwani yetu mtu akiona doa hukimbilia ndimu. Nakusihi, jiki isikutane na ndimu, siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Kusuuza ndiko kwenye kazi yote. Mwaga maji mpaka yanayotoka chini yasiwe na povu hata kidogo, kisha mwaga tena. Tumia maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani, kitambaa hakikauki vizuri, na ukungu unapata makao. Wewe uko karibu na bahari, kwa hiyo hata usipoosha kwa sabuni, kimwagie maji baridi mara kwa mara, hasa kaskazi inapovuma. Ukungu hauli akriliki yenyewe, unakula uchafu uliokaa juu yake. Ukiuondoa uchafu, umeunyima chakula.

Kiache kikauke kikiwa kimetandazwa, juu na chini, hadi ndani ya pindo. Kisha nyunyiza maji kwa kiganja. Yakisimama kama shanga na kuteleza, kinga ipo na tatizo lilikuwa sabuni tu. Yakizama na kuacha alama ya giza, nunua dawa ya kuzuia maji ya vitambaa vya nje, pulizia kikiwa kikavu kabisa, fuata maelezo ya kopo.

Ukishapanda ngazi, kwaruza mishono kwa ukucha. Jua huua uzi kabla ya kitambaa. Uzi ukikatika kirahisi, mpelekee fundi ashone upya mishono peke yake kwa uzi wa polista wa nje. Hiyo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kitambaa kizima. Angalia na fremu: kutu ikianza, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu doa la kutu kwenye kitambaa ni gumu mno kutoka. Na mavi ya kunguru usiyakwangue yakiwa makavu. Yalainishe kwanza kwa kitambaa chenye maji.

Swali: Duka langu liko Dodoma. Vumbi ni la mwaka mzima, maji ya shida. Niliosheje turubai? Mvua zikija, maji hutuama katikati.

Jibu: Kwako brashi kavu inatosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pitisha kila wiki, juu na chini. Osha mara moja kabla ya mvua za Desemba.

Hilo la maji kutuama ndilo linalonitia hofu. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 5 ni lita 50, yaani kilo 50 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu. Kaza kitambaa, kisha shusha ukingo wa mbele: kwa kila mita moja kutoka ukutani, ushuke sentimita 25 au zaidi. Kama kivuli chako ni cha kukunja, kikunje mvua kubwa au upepo ukija, na kesho yake, jua likitoka, kikunjue tena kikauke.