Beji za Kofia za Waskoti: Majibu kwa Wasomaji

*Nimenunua beji ya Gordon Highlanders, rejimenti ya Waskoti. Niliambiwa umri husomwa kwenye taji. Nisomeje?*

Kanuni hiyo ni ya kweli, ila kwa beji hii itakupoteza. Beji nyingi za jeshi la Uingereza hubeba taji la kifalme: lililoviringa juu kama kuba ni la kati ya 1901 na 1952 (na tena la Mfalme Charles III tangu 2022), lililobonyea katikati ni la enzi ya Malkia Elizabeth II. Lakini taji dogo anamochomoza ayala wako, yule kulungu mwenye pembe za matawi, ni la ukoo wa Gordon, kwa hiyo halikubadilika wafalme walipobadilishana.

Igeuze. Beji iliyogongwa kwa chapa ya chuma huonyesha mgongoni umbo lile lile la mbele, likiwa limebonyea ndani. Pitisha ukucha kwenye nafasi kati ya pembe: kingo ziwe kali, zimekatwa safi. Iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina vishimo vidogo na manyoya yaliyofifia. Hiyo iache, hata ikiwa rahisi. Na neno BYDAND pale chini ni la Kiskoti: kusimama imara, kutobanduka.

*Niing'arishe?*

Hapana, nakusihi. Beji yangu ya Gordon imelika puani, ayala karibu hana tundu za pua. Naamini ni kitambaa cha askari aliyeisugua asubuhi baada ya asubuhi kabla ya gwaride. Ule ulikaji ndio ninaoupenda kuliko chuma chenyewe. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, inatosha.

*Mbona kwenye picha askari wa Black Watch, rejimenti nyingine ya Waskoti, hawana beji?*

Kwenye kofia yao ya duara walivaa shada jekundu la manyoya peke yake, nalo ndilo lililowatambulisha. Beji yenyewe, yenye Mtakatifu Andrea na msalaba wake, ilikaa kwenye glengarry, kofia yao nyingine, ile ndefu inayokunjika. Tazama chini yake utaona sfinksi, simba mwenye kichwa cha mtu: kumbukumbu ya vita vya Misri, 1801.

*Mzee wetu wa Nyeri aliacha beji ya Black Watch. Ilifikaje huku?*

Kikosi hicho kililetwa Kenya 1953, kikitokea vita vya Korea, wakati wa Hali ya Hatari. Beji yenyewe haitakwambia kama iliokotwa, ilinunuliwa au ilitolewa. Waulize wazee wa nyumbani sasa, wangali wapo, uandike jibu lao kwenye karatasi na kuiweka pamoja nayo. Msiiuze kabla ya hapo. Historia ya Waskoti wale imo pia katika yaliyowapata watu wa Nyeri, na mkusanyaji anayeitaka beji bila habari hiyo anachukua nusu tu.

*Rejimenti hizi zipo bado?*

Mwaka 2006 zile za askari wa miguu zilizokuwa zimebaki, isipokuwa Scots Guards, ziliunganishwa kuwa Royal Regiment of Scotland, yenye beji moja: simba juu ya msalaba wa Andrea. Black Watch wamo humo kama batalioni, na shada lao jekundu bado wanalivaa.